Mgeni na Mgonjwa

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwanafunzi wa udaktari atokaye Ulaya kwenda kujizoeza Kilosa au Mikumi hufika kabla hajaweza kuponya. Mgonjwa mwenyeji ndiye mtoaji: mwili wake huwa kitabu, na ndugu wamleteao uji huwa walimu wa utu. Mikumi i kando ya barabara kuu iendayo Zambia. Ajali ikitokea, majeruhi huwa wengi na mikono michache. Je, uhaba huo humhalalishia mgeni kushika kisu asichokabidhiwa kwao? La. Haja haigeuzi ujinga kuwa ujuzi, wala umaskini haupunguzi thamani ya mwili. Aamkie, aulize, angoje idhini. Kutomdhuru mwenyeji ndiyo hatua ya kwanza ya kumponya.