Jiko Jipya, Waya wa Zamani

Palikuwa na mama mmoja muuza vitenge mjini Kamembe, Rwanda, aliyepikia gesi miaka mingi. Alfajiri moja binti yake aliingia jikoni akakutana na harufu kali ya gesi. Mungu alimjalia, hakugusa swichi ya taa. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Hutuama sakafuni, na cheche ndogo ya swichi yatosha kuilipua. Alifunga mtungi, akafungua mlango na madirisha, akawatoa wadogo zake nje.

Fundi alipoukunja mpira wa gesi, nyufa zikaonekana.

“Mama, mpira huu mliununua lini?”

Hakuna aliyekumbuka.

Mtungi ukauzwa, likaja jiko la umeme la sahani mbili. Sababu walikuwa nazo. Gesi hufika huku kwa malori kutoka bandari za Bahari ya Hindi, na bei hupanda bila hodi. Umeme ni wa jirani: bwawa la Ruzizi II linazihudumia Rwanda, Burundi na Kongo tangu 1989. Wala siwalaumu kwa kuhama. Jiko lisilo na moshi wala mwali ni heri kwa nyumba yenye watoto.

Walipokosea ni hapa: jiko lilichomekwa kwenye ekstensheni ile ile ya redio na simu. Jiko la wati 2,200, kwa umeme wa volti 220, huvuta ampea 10. Waya ule mwembamba haukutengenezwa kubeba mzigo huo, tena kwa saa nzima za kuchemsha maharage. Plagi ikawa inapata moto kila jioni, ikabadilika rangi, ikanuka plastiki. Wakasema ni kawaida ya vitu vipya. Jumapili moja waya ukayeyuka, pazia likashika moto. Watu walitoka salama, jiko na sehemu ya paa vikateketea.

Mpira haukukaguliwa, na waya nao haukukaguliwa.

Ndugu msomaji, ukiamua kuhamia umeme, hama, lakini mwite kwanza fundi akuvutie waya mnene wa jiko peke yake, wenye kikata umeme chake. Plagi ikipata moto, zima jiko siku hiyo hiyo. Na wewe unayebaki na gesi, nenda ukaukunje mpira wako leo. Ukiuona una nyufa, usiwashe jiko mpaka uubadilishe.