Tanga la Kuazima

Ukichukua kayaki ya plastiki, ukaitia mlingoti, tanga na mirengu miwili ubavuni, umeunda nini? Kayaki yenye tanga? Ngalawa ya plastiki? Na kama wazo la mirengu umelitoa kwa wavuvi wa Msambweni, una deni kwao? Ama wazo ni kama upepo, halina mwenyewe?

Pale Diani hili si swali la darasani. Kayaki za kukodisha zimelala mchangani, na ngalawa zinapita mbele yake zikirudi na samaki. Kijana yeyote aliyewahi kupiga kafi dhidi ya kusi mpaka mabega yakawaka moto atawaza tu: si tuvioanishe hivi viwili?

Tuanze na kazi yenyewe. Kayaki ya baharini ni nyembamba, upana wake kama sentimita 60, na imeundwa kwenda kwa nguvu ya mikono. Ukiipa tanga, upepo hausukumi mbele peke yake, unasukuma na ubavuni pia, na utapinduka kabla hujamaliza kusema bismillahi. Ndiyo maana ya mirengu. Tena plastiki hunyumbuka: mlingoti ukisimama juu yake bila ubao mpana wa kugawa uzito, utaipasua. Tena kayaki haina mkuku wa maana, kwa hivyo upepo wa ubavuni utaiburura kando kama kaa, mpaka uteremshe ubao majini wa kuizuia. Tanga lenyewe lisiwe kubwa. Mita 2 au 3 za mraba zatosha kuanzia, na kamba yake uishike mkononi, usiifunge, ili upepo wa ghafla ukija uiachie.

Sasa nenda kaiangalie ngalawa. Karibu kila jibu unalotafuta limo. Boriti za mirengu zimefungwa kwa kamba, ili mawimbi yakipiga zicheze kidogo badala ya kuvunjika. Vibao vya mirengu vimewekwa kwa mshazari, ili chombo kikikimbia maji yenyewe yaviinue. Hesabu hizi hukuzikuta kwenye kitabu. Zimo mikononi mwa watu, na watu hao wana majina.

Kuna watakaosema: mwacha asili ni mtumwa, iacheni ngalawa ya wazee ilivyo. Lakini asili gani? Ngalawa nyingi huchongwa kwa gogo la mwembe, na mwembe ulikuja pwani hii kutoka Asia. Mirengu, wataalamu wengi huihusisha na mabaharia wa visiwa vya Indonesia, watu wa ukoo mmoja na wale walioiacha lugha yao Madagaska. Yaani ngalawa tunayoiita asili ni mtumbwi ulioongezewa vitu vya wageni. Na kayaki? Hiyo ni ya Inuit, watu wa nchi za barafu, waliovalisha kiunzi ngozi ya sili wakaenda kuwinda. Vyombo vyote viwili vilizaliwa na njaa, kisha kimoja kikawa mchezo wa watalii.

Kwa hivyo kuazima si dhambi. Ukitoa cha kuazima kwenye Kiswahili, hata neno bahari linaondoka.

Lakini kuna kuazima na kuazima. Aliyechukua mirengu zamani aliingia nayo katika bahari ileile, akahatarisha roho yake mwenyewe, akaishi karibu na wenzake waliomwona akiitumia. Leo mtu anaweza kupiga picha ngalawa asubuhi, akaichora kwenye kompyuta Nairobi au London jioni, akaisajili, akauza. Mvuvi anabaki kuwa mandhari ya tangazo. Si hofu ya bure. Miaka ya 2000, kampuni moja Uingereza ilitaka neno “kikoy” liwe alama yake ya biashara, mpaka Wakenya wakapiga kelele. Kenya ikaja kuwa na sheria ya kulinda maarifa ya jadi mwaka 2016. Ni sheria nzuri. Lakini haiwezi kukulazimisha umwamkie mzee shikamoo kabla hujampima ngalawa yake kwa futi.

Deni hili basi hulipwaje? Kwanza kwa kutaja. Flipflopi, jahazi la plastiki taka lililotoka Lamu likafika Zanzibar mwaka 2019, linajulikana kama kazi ya fundi Ali Skanda na mafundi wenzake. Malighafi ilibadilika, fundi hakufutwa. Pili kwa malipo: mzee anayekuonyesha jinsi ya kufunga boriti ni mbunifu mwenzako, usimlipe ya kibarua. Tatu, na hili ndilo gumu, kwa namna ya kuunda. Mrengu wako ukivunjika mbele ya Gazi, je, mvuvi atakayekuvuta ufuoni ataweza kuurekebisha kwa ubao na kamba aliyo nayo? Kama ndiyo, ulichojifunza umekirudisha mahali anapoweza kukitumia. Kama inabidi kuagiza kipuri kutoka ng’ambo, umechukua elimu ya wazi ukaifungia kabatini.

Hiyo ina gharama. Chombo ambacho kila mtu anaweza kukitengeneza ni kigumu kukilinda sokoni, na kijana wa Ukunda anayetafuta riziki ana haki ya kuuliza kwa nini awe mkarimu yeye, wakati wakubwa hawakuwa. Sina jibu la kumnyamazisha. Namwambia tu kwamba njia ileile wanayopita wakubwa kumnyang’anya ndiyo atakayokuwa ameipitia kwa mvuvi.

Na mvuvi akikataa? Akikwambia, “Mwanangu, hii ngalawa ni kula yangu, tafuta yako”? Hapo ndipo utajua kama kweli ulikuwa unauliza. Anayeomba ruhusa huku ameshaamua haombi, anaarifu. Bado unaweza kurudi mchangani na kayaki yako, ukaanza kukosea na kurekebisha mwenyewe, kama walivyofanya wa kwanza.