Jino la Papa ni la Nani?

Mpwa wangu alinionyesha video kwa simu: mzungu anapasua mawe kando ya mgodi wa makaa ya mawe huko Uingereza, mawe ya tope la kale yanayobanduka kama kurasa. Ndani mkatokea jino jeusi la papa aliyeishi miaka milioni 300 iliyopita. Mwili wa papa hauna mifupa migumu, ni kama sikio lako tu, huoza. Meno ndiyo hubaki.

"Anko, twende tutafute."

Nikacheka. Mawe ya huku kwetu, kutoka Embu mjini hadi Meru, yalimwagwa na Mlima Kenya ulipokuwa volkano. Hapo papa utamtoa wapi? Lakini ukishuka Kiritiri, uvuke Tana, upite Mwingi, unafika bonde la Mui. Huko makaa ya mawe yapo.

"Tuseme tumeenda, tukapata kisukuku. Si ni chetu?"

Hapana. Sheria ya makavazi ya 2006 inasema vilivyo ardhini vya aina hiyo ni mali ya Serikali, na kuchimba bila leseni ni kosa. Makaa yenyewe pia, Katiba ya 2010 inayahesabu kama mali ya umma.

"Kwa hivyo shamba ni la guka, lakini vya chini si vyake?"

Hapo nikanyamaza. Nilijua sheria, sikuwa na sababu.

Sababu niliipata kwa Kamoya Kimeu. Mwaka wa 1984, Nariokotome kule Turkana, aliona kipande kidogo cha fuvu, rangi yake kama ya kokoto zilizokizunguka. Angekitia mfukoni akanyamaza, angekuwa na kipande cha mfupa, basi. Alisema. Wenzake wakachimba, wakapata sehemu kubwa ya mifupa ya kijana aliyeishi miaka ipatayo milioni 1.5 iliyopita.

Kisukuku kikiondolewa bila mtu kuandika kilitoka tabaka gani, kinabaki pambo la mezani. Kwa hivyo naona wajibu wa kusema unatangulia haki ya kumiliki.

Lakini wajibu huo si wa upande mmoja. Anayechukua kwa niaba ya umma naye aje aseme: arudi kijijini aeleze alichojifunza, na aandike jina la aliyeokota. Ukimwambia mtu wa Mui kila siku kwamba vya chini si vyake, halafu usimrudie na habari, usishangae siku akiokota jino akaliuza kimyakimya.

Nilimweleza mpwa wangu hayo yote. Akafikiria kidogo.

"Sawa, nitasema. Lakini waandike jina langu vizuri, anko. Shuleni hulikosea kila siku."