Mwenyeji, Mgeni na Mtani

Tarehe 13 Aprili, 1968, Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuitambua Biafra. Wengi walistaajabu, kwa kuwa Mwalimu Nyerere alijulikana kuwa mtetezi wa umoja wa Afrika, naye sasa alikuwa akikubali nchi moja ya Afrika ikatike vipande viwili. Hoja yake ilikuwa nyepesi kuieleza na nzito kuijibu: dola isiyowapa watu wake usalama haiwezi kudai utii wao. Miaka miwili kabla ya hapo, mnamo Januari, 1966, maofisa wachache wa jeshi la Nigeria, wengi wao wakiwa Waigbo, walikuwa wameipindua serikali na kuwaua viongozi. Kosa lilikuwa la maofisa wale. Kulipa likalipa kabila zima. Mwaka huo huo maelfu ya Waigbo waliokuwa wakiishi kaskazini mwa nchi, makarani wa reli, mafundi, wachuuzi na wake zao, waliuawa, na zaidi ya milioni moja wakakimbilia mashariki kwa wazee wao. Vita vilivyofuata vilikwisha Januari, 1970, na Biafra ikashindwa.

Hatukusudii kufufua mabishano ya wakati ule kuhusu Biafra. Tunaukumbuka mkasa huo kwa sababu ya ile hesabu iliyotumika: watu watano wamekosa, basi wahesabiwe wote. Hesabu hiyo haikuanzia Nigeria wala haikuishia huko. Sisi wa Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, tunaifahamu.

Yafaa tuanze na neno. Husikika sokoni, na mara nyingine hata vikaoni, kwamba fulani ni "mtu wa kuja". Lakini ni nani hapa asiyekuja? Mji wa Morogoro una asili yake katika boma la Kisabengo, Mzigua wa karne ya 19 aliyewakusanya watumwa watoro na watu waliokimbia vita. Binti yake Simbamwene akamrithi, na Stanley alipopita mwaka 1871 aliukuta mji uliozungukwa na kuta za mawe. Milimani nako masimulizi ya koo za Waluguru ni masimulizi ya safari, ya wazee waliopanda kutoka pande mbalimbali wakitafuta ardhi na usalama. Kisha yakaja mashamba ya mkonge pamoja na manamba wake, kutoka Songea, kutoka Njombe, kutoka Kigoma na Msumbiji, ambao wajukuu wao leo hawana kwao pengine. Anayemwita mwenzake mtu wa kuja anajivunia kwamba babu yake aliwahi kufika.

Hata hivyo neno hilo huacha kuchekesha linapowekwa juu ya mfugaji. Waparakuyo, ambao wengi wetu huwaita Wakwavi, wamechunga katika nyanda za Kilosa kwa vizazi kadhaa, na bado huitwa wageni na mkulima aliyehamia juzi. Wabarabaig wana bahati mbaya zaidi. Wengi wao walisukumwa kutoka Hanang baada ya malisho yao kugeuzwa mashamba makubwa ya ngano katika miaka ya 1970 na 1980, na walipoteremka mkoani kwetu walipokewa kwa jina la Mang'ati. Neno hilo lina asili ya Kimasai, na maana yake ni adui. Watu waliokwisha nyang'anywa ardhi wakawa wanaitwa maadui na jirani asiyejua hata maana ya neno analolitamka.

Tarehe 8 Desemba, 2000, wafugaji walikivamia kijiji cha Rudewa Mbuyuni, wilayani Kilosa, wakaua watu 38, wakiwamo wanawake na watoto. Hakuna hoja ya malisho iwezayo kuupunguza uovu huo. Lakini tuutazame vema. Wauaji walikuwa na ugomvi na watu fulani juu ya mifugo na mashamba, nao wakakiadhibu kijiji. Yule asemaye kwamba "Wamasai waliua Rudewa" anaifuata njia ile ile waliyoifuata wao, ingawa yeye hakushika silaha: anamshtaki mama auzaye maziwa stendi, na mtoto aliyeko darasani, kwa damu ambayo hawakuimwaga. Waliomwaga damu hiyo walikuwa na majina, na sheria huwatafuta watu kwa majina yao.

Wala haifai kumwambia mkulima kwamba hasira yake ni chuki tupu. Shamba la mahindi likiliwa usiku mmoja, nyumba moja imekula njaa mwaka mzima. Tunachosema ni kwamba hasira hiyo mara nyingi humwangukia aliye karibu. Hifadhi ya Mikumi, iliyotangazwa mwaka 1964, ilichukua sehemu ya nyika ambayo wafugaji waliitegemea. Mashamba ya mkonge yalikuwa yamekwisha kuchukua ardhi nzuri tangu enzi za ukoloni. Watafiti walioandika mwaka 2009 juu ya mauaji ya Kilosa walitaja pia rushwa. Mkulima huamini kwamba mfugaji amemnunua afisa. Mfugaji naye huona kwamba yeye ndiye anayekamuliwa kuliko ng'ombe wake. Haki ikishauzwa, kila mtu huitafuta kwa watu wa kabila lake.

Taifa letu halikukaa kimya juu ya ukabila. Utawala wa machifu uliondolewa mwaka 1963. Tangu sensa ya 1967 hakuna sensa iliyotuuliza makabila yetu. Ibara ya 13 ya Katiba inakataza kumbagua mtu kwa kabila lake. Tunaona fahari juu ya mambo haya, lakini yana upungufu mmoja: yametuzoesha kudhani kwamba kisichoandikwa hakipo.

Wako watakaojibu kwamba maneno hayo ni utani tu. Utani wa kweli tunaujua. Koo za Waluguru zina watani wao, na mtani ana kazi yake msibani, hata kama siku zote hutukana na kunyang'anya kuku. Wanyamwezi na watu wa mashariki walitaniana kutokana na misafara ya karne ya 19, na makabila mengine yalianza kutaniana baada ya kupigana vita. Mtani hukutukana kwa sababu unaweza kumjibu, na kwa sababu siku utakapofiwa hana ruhusa ya kukosekana. Anayemwita kijana wa Kibarabaig jina la adui mbele ya darasa lililojaa wakulima, kisha akacheka, hana wajibu wowote kwake, wala kijana hana namna ya kumjibu. Mwalimu aliyemo darasani asicheke pamoja nao.

Utani hauundwi kwa amri ya serikali. Huota pale watu wanapohitajiana, na Kilosa mahitaji hayo yapo: maziwa kwa mahindi, na mabua baada ya mavuno kwa samadi. Kazi ya serikali ni kuyaondoa yanayoukausha uhusiano huo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka watatu kati ya wajumbe saba wa baraza la ardhi la kijiji wawe wanawake. Katika vijiji vyenye wakulima na wafugaji, mkutano mkuu ungeweza kuhakikisha kwamba pande zote mbili zimo humo. Na mazao yakiliwa, hasara ikadiriwe hadharani, mchana, mwenye shamba na mwenye mifugo wakiwapo, maana mara nyingine ng'ombe ni wa tajiri wa mjini na mchungaji ni kibarua tu. Fidia itolewe kwa stakabadhi, na juu yake liandikwe jina la mtu na la baba yake, pasiwe na mstari wa kabila.