Mkono wa Baridi Mlangoni mwa Kanisa

Tafakari ya juma la nne la Kwaresima
Masomo: 1 Samweli 14:24–32, Isaya 58:6–7



Jumapili iliyopita baada ya ibada nilisimama mlangoni kama ilivyo desturi, tukipeana mikono. Ilikuwa yapata saa sita na nusu, jua la Tanga limeshika kweli kweli, wanakwaya wanajipepea kwa vitabu vya nyimbo. Akaja mama mmoja mtu mzima. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitikia, "Marahaba, baba mchungaji," akanipa mkono. Ulikuwa wa baridi, kama umetoka sasa hivi kwenye maji ya mtungini. Nikaona kwamba amejitanda kitenge mpaka shingoni, katika joto lile. Nikamuuliza kama ana homa.

"Sina homa," akasema. "Ni mfungo tu."

Kwa majuma matatu nilikuwa nimehubiri juu ya kufunga: toba, maombi, kujinyima. Juu ya mwili wenyewe unaofunga sikuwa nimesema neno. Wiki hii nimesoma, nimeuliza wahudumu wa afya, na ninataka tutafakari pamoja yale yanayotendeka ndani yetu tunapoacha chakula, kwa maana mwili huu nao ni kazi ya mikono ya Mungu.

Tunapokula, kongosho hutoa homoni ya insulini, inayofungulia sukari mlango wa kuingia kwenye seli. Ziada huwekwa akiba, sehemu yake kwenye ini. Tukiacha kula, insulini hushuka, na homoni nyingine, glukagoni, huliamuru ini lifungue ghala lake. Ghala hilo ni dogo. Huweza kutosha takribani saa 12 hadi 24, kutegemea mtu alikula nini na anafanya kazi gani. Linapokaribia kwisha, mwili hugeukia mafuta, na ini hutengeneza ketoni, kuni za akiba ambazo hata ubongo huzitumia.

Njaa nayo ina mjumbe wake. Mwaka 1999 wanasayansi wa Japani waligundua homoni inayotoka tumboni, wakaiita ghrelini. Hiyo ndiyo hupanda saa ile uliyozoea kula. Lakini usipokula, haiendelei kupanda siku nzima. Hufika kilele, kisha hushuka yenyewe. Kila aliyewahi kufunga anajua: saa saba mchana tumbo linadai kwa ukali, na saa tisa limenyamaza. Mimi naona humo fundisho kubwa. Si kila kinachodai ndani yetu ni amri. Vingine ni mawimbi. Ukitulia katika maombi, yanapita.

Tena, katika siku ya kwanza mwili hauzimi. Huongeza homoni ya noradrenalini, na baadhi ya watu hujisikia wako macho, akili nyepesi. Ndiyo maana wengine hushuhudia kwamba maombi ya siku ya mfungo huwa na utulivu wa pekee. Hata hiyo ni rehema ya Muumba, kwa kuwa aliyekosa chakula anahitaji macho na akili za kukitafuta.

Lakini siku zikiendelea kufuatana, na kinacholiwa jioni hakitoshi, mambo hugeuka. Kuna homoni inayotoka kwenye mafuta ya mwili, leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994, ambayo huuarifu ubongo kwamba akiba ipo. Chakula kikipungua, leptini hushuka, na ubongo hujua kwamba nyumbani kumekauka. Hapo huanza kubana matumizi. Ile tezi ya shingoni, ambayo ikivimba tunaita rovu, hupunguziwa kazi, na homoni yake inayochochea moto wa mwili hupungua. Joto letu, ambalo kwa kawaida huwa karibu nyuzi 37, hushuka kidogo. Chakula chenyewe nacho huleta joto kinaposagwa, na joto hilo nalo hupungua. Basi mtu husikia baridi. Kwa wanawake, njaa ikidumu, ubongo huweza hata kusimamisha hedhi, kana kwamba unasema: huu si wakati wa kupokea mgeni.

Mwili haujatuasi hapo. Unafanya afanyavyo mama mwenye mkaa kidogo: anaupunguza moto jikoni ili makaa yafike kesho.

Yako makanisa yaliyoshuhudia jambo hili kwa gharama kubwa. Mwishoni mwa mwaka 1944, vita vikuu vikiwa bado vinaendelea, Dkt. Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, aliwapokea vijana 36 waliokataa kubeba silaha kwa sababu ya dhamiri zao. Wengi walitoka katika makanisa yanayoitwa ya amani: Brethren, Mennonite na Marafiki (Quakers). Hawa si wageni kwetu. Wamennonite wako mkoani Mara, na Marafiki ni wengi magharibi mwa Kenya. Vijana hao walijitolea kuishi na njaa kwa wiki 24, ili madaktari wajue namna ya kuwalisha watu wa Ulaya waliodhoofishwa na vita. Walikula takribani nusu ya chakula chao cha kawaida, zaidi viazi, mkate na kabichi. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Mapigo ya moyo yalipungua, joto la mwili likashuka, na katikati ya Julai, ambayo kwao ni majira ya joto, waliomba mablanketi ya nyongeza. Walilamba sahani. Walisoma vitabu vya mapishi kama mtu anavyosoma barua kutoka nyumbani. Walikasirishwa na mambo madogo, wakajitenga na wenzao. Walikuwa watu wa imani, walioingia kwa upendo, na bado njaa iliwanyang'anya furaha yao. Kwa hiyo tusimwambie ndugu mwenye njaa ya muda mrefu kwamba huzuni yake ni upungufu wa imani.

Sasa tulifungue somo letu la kwanza. Siku hiyo Waisraeli walikuwa vitani, na mfalme Sauli akawaapisha watu kwamba alaaniwe atakayeonja chakula kabla ya jioni. Jeshi likachoka. Wakapita msituni, asali inatiririka chini, na hakuna aliyethubutu kupeleka mkono kinywani. Yonathani hakuwa amesikia kiapo cha baba yake. Alichovya ncha ya fimbo yake katika asali, akaonja, na Maandiko yanasema macho yake yalipata nuru. Tazameni jinsi Biblia inavyoujua mwili! Sukari ya asali huingia upesi damuni, na mtu aliyekuwa anaona kiza huona tena.

Jioni ilipofika, wale waliofungishwa kwa laana waliziparamia nyara, wakachinja kondoo na ng'ombe palepale chini, wakala nyama pamoja na damu, jambo walilokatazwa. Wahenga wetu walisema, mwenye njaa hana miiko. Mfungo wa Sauli haukuzaa utakatifu. Ulizaa dhambi nyingine, kwa sababu aliutangaza kwa ajili ya kisasi chake na fahari yake, wala hakuwatazama watu wake nyuso zao.

Wapo kati yetu wanaomfanya Mungu kuwa Sauli. Wanaufunga mwili kama anayemwadhibu mtumwa, siku kavu juu ya siku kavu, bila maji. Wapo pia vijana wanaofunga saa 16 na kula ndani ya saa 8 ili kupunguza uzito. Hilo si dhambi, na kwa watu wazima wengi wenye afya halina madhara, ingawa majaribio mengi yanaonyesha uzito hupungua kwa kiasi kinachokaribiana na cha mtu aliyepunguza tu chakula chake cha kila siku. Ninachowaomba ni hiki: msiuchukie mwili mnaoupunguza.

Na hapa nasema kama mchungaji wenu, bila kuzunguka. Mwenye kisukari anayechoma insulini au kumeza vidonge vya kushusha sukari asifunge kabla ya kuzungumza na daktari. Sukari huweza kushuka ghafla, akatetemeka, akazirai. Mama mjamzito, anayenyonyesha, mtoto, na mgonjwa ambaye dawa zake zahitaji chakula, hao mfungo wao ni wa namna nyingine. Majirani zetu Waislamu, wanaoufahamu mfungo kuliko wengi wetu, wanamruhusu mgonjwa na msafiri kula na kulipa siku nyingine. Nasi tusiwe wakali kuliko rehema ya Mungu.

Nirudi kwa yule mama. Siku ya Jumatano nilikwenda kwake. Jiko la mkaa lilikuwa limepinduliwa ukutani, wajukuu wawili wanacheza kombolela uani. Nikamuuliza amefunga tangu lini. Akaanza kuhesabu kwa vidole. Akaipita Jumatano ya Majivu. Akaipita Krismasi. Akasimama mwezi wa nane, mwezi ambao mwanawe, aliyekuwa akimletea unga, aliachishwa kazi. Tangu hapo hupikwa jioni tu, na watoto hupakuliwa kwanza. Kwaresima ilipofika, akaona aipe njaa yake jina zuri, amtolee Mungu.

Nilikaa kimya muda mrefu. Mama huyu ameketi benchi la tatu tangu mwezi wa nane, nasi tumempa mkono kila Jumapili. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Lakini mimi nilikuwa nimeshika ujumbe wa njaa hiyo kiganjani mwangu, nikaudhani ni homa.

Kumbukeni Eliya alipolala chini ya mti wa mretemu, amechoka kiasi cha kuomba kufa. Malaika hakumhubiria. Alimletea mkate na maji, akamwacha alale, kisha akamletea tena. Mlima wa Mungu ulikuja baadaye. Nabii Isaya naye, katika somo letu la pili, anatuambia mfungo anaouchagua Bwana: kulegeza vifungo vya uonevu, kumgawia mwenye njaa chakula, kumvika aliye uchi. Chakula na nguo, ndugu zangu. Yaani joto, kutoka ndani na kutoka nje. Mfungo unaompendeza Mungu humpasha mtu mwingine moto.

Kwa hiyo juma hili tufanye mambo mawili. La kwanza, anayefunga na apime chakula cha mchana alichokiacha, ageuze kuwa kibaba cha unga au maharage, na kukileta Jumamosi kwa idara ya Diakonia. Yule mama nimemwomba ale mchana, na amekubali. Unga wa wiki hii umeshafika kwake. La pili, Jumapili ijayo tutakapopeana mikono, usiuachie mkono wa jirani yako haraka. Ukiusikia una baridi, muulize habari za nyumbani, na usiridhike na jibu la "nzuri."

Tuombe.

Ee Bwana, wewe uliyefunga siku arobaini na kisha ukaona njaa, unaijua miili yetu. Tufundishe kufunga bila kiburi na kula kwa shukrani. Wale waliofungishwa na umaskini, usiwaache mikononi mwa baridi. Utupe sisi kuwa kuni zako. Wapashe moto wazee wetu, washibishe watoto wetu, utufikishe sote kwenye meza ya Pasaka. Amina.