Bosi Kamkaangia Ngisi

Ukimsikia Mchina akisema bosi kamkaangia fulani ngisi, usitafute sahani. Huyo mtu kafukuzwa kazi.

Zamani kibarua alilala kwa tajiri wake, na matandiko alikuja nayo mwenyewe. Akiachishwa kazi aliyakunja, akayafunga, akashika njia. Na ngisi, kama umewahi kusimama karibu na karai huko Pwani, unamjua: akiguswa tu na mafuta ya moto hujiviringa kama mkeka. Ndiyo chao youyu hiyo, kukaanga ngisi. Kwetu tunasema unga umemwagika, au mtu kapigwa kalamu.

Taasisi ya Confucius ilifunguliwa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2005, na tangu hapo vijana wengi wamejifunza Kichina. Mafumbo haya huwatoa jasho. Chi cu ni kula siki, lakini pia ni kuona wivu wa mapenzi. (Watu wa jimbo la Shanxi hupenda siki kwelikweli, kwa hiyo sikiliza vizuri kabla hujacheka.) Chi ku, kula uchungu, ni kuvumilia taabu. Hapa Mswahili ana bahati, maana naye hula kiapo na hula njama. Na chi kui ni kula hasara, vilevile kabisa.

Kukariri orodha ya maneno pekee ni kupoteza muda. Uliza neno linasemwa na nani, na wakati gani.

Haya, jiayou! Yaani ongeza mafuta: kaza buti.