Kadari na Ajali ya Ndege ya Bukoba

Asubuhi ya Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air aina ya ATR 42 iliyotoka Dar es Salaam ilianguka katika Ziwa Victoria, karibu kabisa na uwanja wa Bukoba, ikijaribu kutua katika mvua na mawingu mazito. Kati ya watu 43 waliokuwemo, 19 walikufa. Pua ilizama, mkia ukabaki juu ya maji. Wavuvi wakawahi na mitumbwi, na kwa mlango wa nyuma watu wakatolewa hai.

Msibani husemwa: kazi ya Mungu haina makosa. Lakini ikiwa siku ya mtu imeshaandikwa, mawingu, rubani na mlango vina kazi gani?

Katika dini ya jadi ya Wahaya, ziwa na dhoruba zake ni milki ya Mugasha, naye alitambikiwa na watu wa mwambao. Katika Uislamu, kuamini kadari, kheri yake na shari yake, ni nguzo ya sita ya imani. Mwanazuoni Al-Ghazali alishikilia kuwa hata moto hauunguzi pamba kwa nguvu zake wenyewe. Mungu ndiye aunguzaye. Lakini huyohuyo, akifafanua tawakali, yaani kumtegemea Mungu, anamhesabu kuwa mwendawazimu mwenye njaa asiyenyoosha mkono kuchukua chakula kilicho mbele yake. Kwa Wakatoliki, Thomas Aquinas alifundisha kwamba Mungu, sababu ya kwanza, hutenda kupitia sababu za pili. Upepo, basi, unasukuma kweli, na rubani anaamua kweli.

Kwa hiyo uchunguzi wa ajali haushindani na dua. Kauli ya msibani humfariji mfiwa. Ubaya wake huanza inapotumiwa kufunga mjadala. Meli ya MV Bukoba ilizama katika ziwa hilohilo mwaka 1996 ikiwa imejazwa kupita kiasi, na kuiita ajali hiyo kadari bila kutaja mzigo ni kumsingizia Mungu.

Gumu zaidi ni shukrani ya aliyepona. Akisema Mungu kamwokoa, wale 19 je? Injili ya Luka, sura ya 13, inataja mnara wa Siloamu ulioua watu 18. Yesu alikataa katakata kwamba hao walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Aliwageukia wasikilizaji akawataka watubu. Sababu ya mnara kuanguka hakuigusa.